Kuku huharibikia utotoni
Uani kwa Bi Mwanaidi

Wiki hii kijana mmoja wa Kibaha, mchapakazi ninayemheshimu, aliniita nikaone kuku wake wa mayai wanavyodonoana. Nimeona, na nimerudi na hasira ambayo haijaisha hadi sasa ninapoandika.

Kuku wenyewe ndiyo kwanza wameanza kutaga. Migongo wazi, mikia imenyonyoka. Mmoja alibanwa ukutani, wenzake wanamdonoa sehemu ya haja mpaka damu inachuruzika. Viota vipya vya mbao vimepigiliwa juu, visafi, havina hata yai moja. Mayai yamezagaa chini kwenye maranda yaliyolowa kinyesi. Kijana alikuwa na majibu yake: mbegu mbaya, na chakula kimechakachuliwa. Dawa nayo alishaitafuta. Kesho yake anakuja mtu wa kukata midomo kwa chuma cha moto.

Nikamwambia, mwanangu, nioneshe ulikowalelea.

Akanifungulia chumba cha pili, lilimo kundi jipya la wiki ya pili. Saruji, maranda kiduchu, taa kali inayowaka mchana na usiku. Basi. Hakuna ufito wa kurukia, hakuna kona ya kujificha, hakuna hata jani la kuparura. Kifaranga mmoja alikuwa amelala. Mwenzake akaja akamvuta nyoya changa la bawani. Akaamka, akasogea, akalala. Akavutwa tena. Nilisimama pale nikitazama mpaka kijana akaniuliza, "Mama, kuna shida?"

Shida ndiyo hiyo. Kifaranga huyu ameanguliwa na mashine, akachomwa chanjo ya Marek, akashindiliwa kwenye boksi na kusafirishwa bila tone la maji, eti kiini cha yai alichobaki nacho tumboni kitamtosha siku za mwanzo. Mama hakumwona. Mtetea wa kienyeji angemwita penye chakula, angemfundisha kuparura, na akichoka angemlaza chini ya bawa, gizani, asikofikiwa na mdomo wa mwenzake. Sisi tumemnyang'anya yote hayo, tukampa taa. Akikosa cha kudonoa atamdonoa nduguye, na tabia hiyo atakua nayo.

Wasomaji wangu wa zamani wameshanipa jina la Mama Fito. Nalipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1999 watafiti wa Uswidi, Gunnarsson na wenzake, walichapisha waliyoyakuta kwenye mabanda ya biashara: makundi yaliyopewa fito kabla ya wiki ya nne kuisha yalitaga chini mara chache zaidi, na kudonoana sehemu za haja kulipungua. Mwaka uliofuata wakaonesha kwamba vifaranga waliokaa wiki nane bila fito walipata shida zaidi baadaye kukifikia chakula kilichowekwa juu kuliko wenzao waliozoea fito. Kuku wa aina hiyo utampigilia viota juu na bado atataga kwenye kinyesi, kwa sababu kupanda hakujifunza alipokuwa mdogo. Trei ngapi za mayai machafu tumezitupa huku tukiilaani mbegu?

Halafu tunakimbilia kukata midomo. Mdomo wa kuku si ukucha. Una mishipa ya fahamu, na ndio mkono wake. Uswidi imepiga marufuku jambo hilo na mayai wanakula.

Kijana hana sababu ya kutafuta mkopo. Fito za mianzi anazo uani kwake. Aziweke sentimita 20 kutoka chini wiki hii hii, kisha azipandishe kadiri vifaranga wanavyokua. Aongeze maranda makavu, aninginize fungu la mchicha, aezeke ubao kona moja wapate giza, pafikiwe na joto lakini moto ukae mbali. Na usiku azime ile taa kali, ila chanzo cha joto kisizimwe.

Ukutani alikuwa amebandika karatasi aliyopewa na wauzaji aliponunua vifaranga: Gumboro siku fulani, kideri siku fulani, vitamini za aina tatu, na jina la chakula cha kila umri. Niliisoma mbele na nyuma. Neno fito halimo, kwa kuwa fito haziuzwi dukani kwao.