Anayeanza na Aanze kwa Mikono Mitupu

Wako wazee na walimu miongoni mwetu ambao, wamwonapo mtoto ameshughulika na mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, husema kwamba huo ni uvivu wa kigeni usio na nafasi katika utamaduni wetu. Wako na wengine, wajionao kuwa wa kisasa, ambao humwondolea mtoto kila taabu ya mwanzo: humfungulia ile namna ya kucheza ambamo kila kitu hutolewa bure, ili ajenge kasri siku ya kwanza. Makundi haya mawili hugombana, kumbe yamekosea pamoja. Hakuna aliyeutazama mwanzo wa mchezo wenyewe.

Mchezo huu ulizuliwa na Markus Persson wa Sweden, na watu wakaanza kuucheza mwaka 2009. Mchezaji hujikuta katika nchi asiyoijua, hana kitu. Hana budi kuuangusha mti kwa mikono yake. Gogo moja humpa mbao 4, na mbao 4 humpa meza ya fundi. Juu ya meza hiyo, mbao 3 na vijiti 2 huwa sururu. Sururu ya mti huchimba mawe; mawe 3 na vijiti 2 huwa sururu imara zaidi, nayo ndiyo ichimbayo chuma. Mawe 8 huwa tanuri la kuyeyushia chuma hicho. Na kazi hii ina saa yake, kwani mchana na usiku wa mchezo huu, kwa pamoja, ni dakika 20 tu. Jua likitua, mazimwi hutoka gizani kumwandama asiye na kibanda.

Je, huu ndio uvivu? Hapa chombo huzaa chombo, na hakuna hatua irukwayo. Wahunzi wetu nao hawakumkabidhi mwanagenzi nyundo siku ya kwanza. Alianza kwa kuvukuta moto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ampaye mtoto vyote bure humnyima kuinama huko. Na ampigaye marufuku humnyima vilevile.

Nao waukataao mchezo kwa ugeni wake na waitazame Kibera, mjini Nairobi. Katika mpango wa Block by Block, ulioanzishwa mwaka 2012 na kampuni ya Mojang pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wakazi waliutumia mchezo huu kuonyesha jinsi walivyotaka uwanja wao wa michezo uwe. Tofali halina taifa. Taifa limo katika kile kijengwacho.

Basi, ndugu wazazi, na tukae karibu na mtoto usiku wake wa kwanza, lakini tusimshikie sururu. Akiisha kusimamisha kuta zake, hapo ndipo tumwulize: nyumba ya babu yako ina baraza; yako mbona haina?