Tusifute diski kwa sababu ya herufi moja

Kuna desturi moja iliyoota mizizi katika shule na vyuo vyetu, nayo yastahili kukemewa. Tarakilishi ikikataa kuwaka, huitwa fundi. Fundi huitazama kwa dakika chache kisha hutoa hukumu: diski sharti ifutwe na kila kitu kianzwe upya. Mwalimu hukubali shingo upande. Jioni tarakilishi huwaka kama mpya, lakini alama za wanafunzi, mitihani ya miaka iliyopita na tasnifu zilizokuwamo huwa zimekwenda na maji.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa mitambo. Nalizungumzia jambo hili kwa sababu kuna nyakati ambapo ugonjwa wenyewe si wa chuma wala wa umeme. Ni ugonjwa wa majina, na majina ni sehemu ya kazi yangu.

Chukua mfano wa shule moja mtaani Karen, hapa Nairobi. Ofisi yake ya mitihani ilikuwa na tarakilishi kuukuu inayotumia Windows ya zamani. Diski yake ilipojaa, ilinunuliwa nyingine kubwa zaidi, na yote yaliyokuwamo yakanakiliwa humo. Aliyefanya kazi hiyo aliiwasha mashine diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa, kisha akaiondoa ile ya awali na kwenda zake. Tangu siku hiyo, kila mwalimu aliyeandika nywila alikaribishwa kwa sekunde chache, kisha akarudishwa pale pale pa kuandikia nywila. Fundi wa pili alipoitwa, alisema dawa ni kufuta.

Mwalimu wa Kiswahili, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alikataa katakata. Humo mlikuwa na ngano, vitendawili na maelezo ya miviga aliyoyarekodi pamoja na wanafunzi wake kutoka kwa wazee wa Ngong na Kiserian. Baadhi ya wazee hao wameshafariki. "Mwalimu, hawa sitawapata tena," aliniambia.

Je, nini kilikuwa kimetokea? Windows huziita sehemu za diski kwa herufi. Desturi hiyo ilirithiwa kutoka CP/M, mfumo ulioundwa na Mmarekani Gary Kildall mwaka 1974, ikachukuliwa na MS-DOS mwaka 1981. Siku hizo A na B zilikuwa za disketi. Diski ngumu zilipoenea, zikapewa herufi iliyofuata, yaani C. Leo disketi zimetoweka, lakini C imebaki pale pale kama kisukuku katika mwamba. Ajabu ni kwamba hiyo ni herufi ambayo maandishi ya Kiswahili hayaitumii peke yake, bali ikifuatwa na H.

Sasa herufi hiyo haikuchongwa kwenye diski. Imeandikwa tu katika rejesta ya Windows, mahali panapoeleza kwamba diski yenye alama fulani iitwe C na nyingine iitwe D. Rejesta ya shule ile iliponakiliwa, ilikuja na maelezo kwamba C ni ile diski ya zamani. Kwa hiyo diski mpya, ilipowashwa kando ya ile ya zamani, ikapewa herufi nyingine. Diski ya zamani ilipoondolewa, Windows iliendelea kutafuta programu zake kwenye C ambayo haikuwapo tena, ilhali programu hizo zilikuwa salama salimini chini ya jina jingine.

Wakazi wa Nairobi hawapaswi kushangazwa na jambo hili. Baada ya uhuru, Delamere Avenue iliitwa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, na baadaye Government Road ikawa Moi Avenue. Tarishi aliyeshika anwani ya zamani aliweza kupotea, lakini hakuna jengo lililobomoka kwa sababu ya kibao kipya. Karen yenyewe hubishaniwa jina. Wako wasemao lilitokana na mwandishi Karen Blixen, aliyelima kahawa huko hadi mwaka 1931. Wako wasemao lilitokana na binamu yake, ambaye jina lake lilipewa kampuni iliyomiliki shamba hilo. Ubishi huo haujavisogeza vilima vya Ngong hata hatua moja.

Wanafunzi wetu hukariri kwamba lugha ni mfumo wa sauti nasibu. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alisisitiza kwamba hakuna kamba ya maumbile inayolifunga jina na kile linachokitaja. Somo hilo hubaki katika karatasi ya mtihani. Mwanafunzi huyo huyo, akiona kwenye kiwambo maandishi ya Kiingereza yanayodai kwamba diski C haipatikani, huamini papo hapo kwamba diski imekufa.

Lililofanyika katika shule ile halikuhitaji miujiza. Kwanza, diski ilitolewa na kuunganishwa kwenye tarakilishi nyingine, na faili zote zikanakiliwa kando. Zilikuwamo zote, pamoja na sauti za wazee. Pili, katika rejesta ya diski ile yalifutwa yale maelezo machache tu yanayogawa herufi. Windows huyaandika upya inapowaka, nayo ilipowaka ikajipa C na kuwafungulia walimu mlango.

Yafaa hapa nitoe tahadhari mbili. Mfumo wa uokoaji unaowashwa kutoka nje hugawa herufi zake wenyewe kwa muda, hivyo diski uliyoizoea kuwa C yaweza kuonekana humo kuwa D. Anayefuata herufi pasipo kutazama ukubwa wa diski na yaliyomo aweza kuharibu diski isiyo yenyewe. Aidha, tarakilishi nyingi za kisasa hufunga diski kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker. Bila ule ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, hata fundi mahiri hatatoa kitu. Ufunguo huo uandikwe na kuhifadhiwa mahali pengine tangu siku ya kwanza.

Sisemi kwamba kila tarakilishi isiyowaka ina kasoro ya jina. Ziko diski zinazokufa kweli, na kuna wakati kufuta ni tiba halali. Wala simlaumu fundi peke yake. Yeye hulipwa kwa mashine iliyowaka. Halipwi kwa faili zilizookolewa. Mwalimu mkuu humtaka amalize kabla ya kengele ya saa kumi, naye hufuata njia iliyo fupi. Wakuu wa shule wakitaka kazi tofauti, sharti waagize kazi tofauti: malipo ya kwanza yawe ya kunakili yaliyomo, na ya pili yawe ya kutengeneza.

Sisi walimu wa lugha nasi tuna wajibu. Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi na tarakilishi katika shule za msingi za umma. Vifaa vilitangulia, maelezo yakachelewa. Hatuwezi kusingizia uhaba wa msamiati, kwani tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye maneno ya Kiswahili. Kinachopungua ni mazoea ya kuufafanua mtambo kwa lugha ambayo mtoto huulizia maswali. Mwalimu aweza kutumia kipindi kimoja cha isimu kueleza kwamba herufi ya diski ni jina la nasibu, sawa na jina la barabara. Mwanafunzi atakayelielewa hilo hatatishwa upesi na kiwambo cheusi.

Hadi hapo tutakapofika, kila shule iweke nakala mbili za kumbukumbu zake, moja ikiwa nje ya jengo. Na fundi yeyote atakayesema diski ifutwe, asiguse kitu kabla ya kujibu swali moja: umeshatoa nini humo?