Alama Moja, Matendo Mengi: Funzo la Orodha za XML kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu kwamba kuunda istilahi za kompyuta ni kulitafutia kila neno la Kiingereza jina la Kiswahili. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Tabia ya kitu sharti ichunguzwe kwanza, ndipo kipewe jina. Nitautetea msimamo huu kwa mfano wa alama ndogo mno: ile ya kujumlisha.

XML ni mtindo wa kupanga habari ambapo kila kipengele hutiwa ndani ya vitambulisho vinavyokitaja jina. Mwaka wa 2004 shirika la Ecma lilitoa kiwango ECMA-357, maarufu kama E4X, kilichoiwezesha lugha ya JavaScript kushughulikia XML moja kwa moja. Toleo la pili lilifuata mwaka wa 2005. Kwa mujibu wa kiwango hicho, ukiitisha vipengele kwa jina lao hupewa orodha, hata kipengele kikiwa kimoja tu, hata kisipokuwapo kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa ushirika wa wakulima huko Olenguruone ameandika katika faili la XML kwamba mkulima fulani alileta kilo 30 za majani ya chai asubuhi na kilo 20 alasiri. Programu ikiagizwa kutoa orodha ya pili katika ya kwanza, jibu ni 10. Ikiagizwa kujumlisha, jibu si 50! Opereta ya kujumlisha ikikaa kati ya orodha mbili za XML huziunganisha, na karani hupata orodha moja yenye vipengele viwili, 30 na 20. Akiiongezea orodha yenye 30 namba ya kawaida 5, hupata maandishi 305. Ili ajumlishe kweli, hana budi kuzigeuza orodha ziwe namba kwanza. Kompyuta haijakosea, kwani kiwango ndicho kilichoamuru hivyo. Hata hivyo, asiyekielewa atamlipa mkulima malipo yasiyo yake.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Neno "na" katika "chai na maziwa" huunganisha. Katika "ameitwa na mwalimu" humtambulisha mtenda. Kazi yake hutambulika kwa majirani zake. Nomino "nyumba" nayo haibadiliki katika umoja na wingi. Upatanisho ndio unaotujuza kama ni nyumba yangu au nyumba zangu. Vivyo hivyo, orodha ya E4X yenye kipengele kimoja hulinganishwa na thamani kana kwamba ndiyo kipengele chenyewe. Lakini ukiiuliza orodha jina la kipengele chake, hujibiwa tu ikiwa kipengele ni kimoja. Vikizidi, programu hulalamika. Umoja na wingi uliofichika katika umbo hufichuka katika matumizi.

Huenda msomaji akasema kwamba E4X imepitwa na wakati, kwa kuwa iliondolewa katika kivinjari cha Firefox mwaka wa 2013. Ni kweli. Hata hivyo, hadi leo alama hiyo hiyo katika JavaScript hujumlisha namba na kuunganisha maandishi. Tukiiita "kijumlishi" na kuridhika, tutakuwa tumempa mwanafunzi jina litakalompotosha.

Kwa hivyo, napendekeza kwamba kila istilahi inayopendekezwa katika idara zetu iambatane na maelezo ya tabia yake na angalau mifano miwili, mmoja wa matumizi ya kawaida na mmoja wa matumizi yanayokwenda kinyume na matarajio. Wahadhiri na wayakubali maelezo ya aina hii kama kazi halali ya utafiti. Sisi tuliofunzwa kuchambua "na" na "nyumba" tunazo zana za kazi hiyo. Tukiwaachia wengine, tusishangae majina yakitufikia yakiwa tayari yamepotoka.