Staa, hilo begi umelilalia lini?

Kuna staa mmoja wa mjini Dar, jina kapuni, juzi kati alikuwa Mpanda. Kideo chake kimezunguka kila simu. Hema la rangi ya chungwa, mdada yuko ndani ya begi la kulalia (slipingi begi, kama watu wanavyoita), zipu imefungwa mpaka kidevuni, kofia ya sufu kichwani, anatetemeka kama yuko kwenye friji. Chini kaandika yuko porini Katavi, na kwamba bila begi hilo la nyuzi 15 chini ya sifuri mtu asithubutu kulala huko. Halafu namba ya kuagizia.

Watu wa Kakese walimshtukia kabla kideo hakijafika nusu. Pale si hifadhini. Pale ni majaruba ya mpunga, Kakese, ndani ya Manispaa ya Mpanda, na mabua ya mpunga uliovunwa yanaonekana kabisa nyuma ya hema. Hifadhi ya Taifa ya Katavi iko kusini, unashika barabara ya Sitalike, kilomita kama 35 kutoka mjini. Haya, hilo tusamehe, watu hupiga picha wanapotaka.

Ila kuna kipande hakikuwekwa mtandaoni. Mama mmoja alikuwa anapita na jembe begani, akasimama kumshangaa.

"Mwanangu, hicho unavaa au unalalia?"

"Shikamoo mama. Ni cha baridi hiki."

"Marahaba. Baridi ya wapi?"

Staa akacheka, mpiga picha akazima kamera. Lakini swali la yule mama ndilo la kwanza mtu anatakiwa kujiuliza kabla hajatoa hata shilingi. Baridi ya wapi? Katavi mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, kinapuliza kibaridi kweli, nyuzi kumi na kitu, shuka moja halitoshi. Basi. Ikifika mwezi wa kumi ni joto la kukosa usingizi. Begi la nyuzi 15 chini ya sifuri huko ni sawa na kuvaa koti la theluji kwenye daladala ya Mbagala.

Na hiyo namba yenyewe kaisoma vibaya. Mabegi mengi yanayotoka Ulaya yana lebo yenye namba tatu. Moja ni ya kulala kwa raha. Ya pili ni mpaka wa kuvumilia kwa mtu aliyejikunyata. Ya tatu, ile ndogo kuliko zote, ni ya kunusurika tu usiku mmoja usife, na baridi bado inaweza kukudhuru. Staa kachukua hiyo ya tatu, kaipigia debe kama ndiyo ya raha. Kwa Katavi haina madhara, maana hata ya raha imezidi. Sasa mtu aamini namba hiyohiyo, abebe begi lake Kilimanjaro kwenye zile safari za kusherehekea Uhuru, 9 Desemba, alale Kibo karibu mita 4,700 ambako usiku maji yanaganda. Huko si kiki tena.

Kijana mmoja wa duka la simu Mpanda mjini aliagiza. Hela ilikuwa ya kodi ya chumba. Akaenda na wenzake kulala Sitalike, kuona viboko wanavyojazana kwenye madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi. Saa sita usiku jasho linamtoka, akatoka ndani ya begi, akalala juu yake na bukta, akafungua zipu ya hema apate upepo. Wavu nao akaufungua. Mbu wakala mpaka wakasaza. Wiki mbili baadaye yuko kwenye foleni ya kupima, na malaria anayo. Akaenda kuandika kwenye ukurasa wa staa. Mashabiki wakamshukia: mshamba, hujui kutumia vitu vya watu. Staa akaweka emoji ya kicheko.

Hapo ndipo panakera. Kula hela ya tangazo si dhambi, kila mtu anatafuta ugali. Ila huyo dogo alistahili kuambiwa mambo machache ambayo mtu yeyote aliyewahi kulala nje anayajua. Kwamba Katavi linamtosha begi jepesi la nyuzi 10 hivi, lenye zipu ya kuzunguka mpaka miguuni, ukisikia joto unalifungua linakuwa blanketi. Kwamba la manyoya ya bata likilowa linasinyaa na halikauki upesi, la polista ndilo la kufua ukaanika. Kwamba la mitumba linafaa kabisa, mradi ulibonyeze uone kama bado linaumuka. Likishakuwa bapa, lebo haina maana. Kwamba chini uweke godoro jembamba la sponji, maana ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili. Na kwamba begi halizuii mbu hata liwe la bei gani, wavu wa hema ndio unazuia.

Na rangi jamani! Begi la staa ni la bluu iliyokoza na nyeusi, kalianika nje mchana apate mwanga mzuri. Mitego ya mbung'o inatengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo mbili, kwa sababu ndizo zinazowavuta. Katavi mbung'o wamejaa. Angekuwa porini kweli, kile kideo kisingefika sekunde 10.

Usiku wa siku ile hema lilikuwa limeshang'olewa kabla ya magharibi. Staa alilala gesti Mpanda mjini, chumba chenye feni. Begi lilishushwa kwenye gari asubuhi likiwa limekunjwa vilevile, lebo ya bei inaning'inia.