Msizibue kwa kupapasa, chungulieni kwanza!

Ndugu msomaji, hivi ukiumwa tumbo mara nne ndani ya miezi mitatu, na daktari akakupa kidonge kilekile mara zote nne bila kukupima, utaendelea kumwita daktari? Basi hivyo ndivyo tunavyotibiwa sisi wapangaji wa Ilala mabomba ya majitaka yanapoziba.

Nyumba ninayopanga ina vyumba vinane na choo kimoja. Mwaka jana chemba ya uani ilifurika mara nne katika miezi mitatu. Kila mara tulichanga shilingi elfu kumi kwa chumba. Wakaja watu na fito na waya, wakasukuma, wakakoroga, maji yakashuka, wakalipwa, wakaenda zao. Wiki chache tu, kinyesi kinaelea tena mlangoni na watoto wanacheza pembeni. Jiji hili lilionja kipindupindu mwaka 2015, kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa maana ya hali hiyo.

Tulipokwenda kulalamika kwenye ofisi inayohusika tulijibiwa kwa mkato: "Nyie wapangaji mnatupa matambara chooni." Kwisha! Hakuna aliyekuja kuangalia. Mwenye nyumba naye akashika neno hilohilo. Macho yote yakamgeukia mama mmoja wa chumba cha mwisho, mwenye mtoto mchanga. Tukasema ni nepi zake. Nasema tukasema, maana hata mimi mwandishi nilikuwamo. Mama wa watu akapewa notisi, akahama.

Chemba ilipofurika mara ya tano, mama yule akiwa ameshaondoka, alikuja fundi mmoja kijana mwenye kamera. Ni kamera ndogo isiyoingiza maji, inayopita ndani ya bomba la inchi nne, imefungwa kwenye waya mgumu unaopindika na ina taa mbele. Kwanza alipunguza maji, kwa sababu kamera haioni kitu ndani ya tope. Kisha akaisukuma kutoka chembani, picha ikionekana kwenye kioo na mita zikihesabiwa. Kwenye mita ya tisa tukaona wote kwa macho yetu: bomba limepasuka na kubonyea, kipande kimeangukia ndani, mchanga umejaa. Kichwa cha kamera hiyo hutoa mawimbi, na fundi akiwa juu ya ardhi huyafuata kwa kifaa kingine mpaka apate mahali pa kuchimba. Alama ikaangukia barabarani, palepale palipochimbwa mtaro wa kupitisha nyaya miezi michache kabla. Nepi? Hapakuwa na hata moja!

Sasa tuulizane. Waliochimba mtaro walilipwa. Waliokoroga kwa fito walilipwa. Aliyefukuzwa ni nani?

Wako watakaosema kamera ni ghali. Fundi yule alitutoza laki moja na nusu. Sisi tulikuwa tumeshateketeza laki tatu na elfu ishirini kwenye fito. Ghali ni ipi hapo?

Sisemi kila sinki likiziba iitwe kamera. Wala kamera haizibui, inaonyesha tu. Lakini kila ugonjwa una dawa yake. Mizizi hukatwa. Mafuta yaliyoganda huondolewa kwa maji ya presha. Bomba lililopoteza mteremko lazima lifukuliwe na kulazwa upya. Na ukikita fito kwenye bomba lililovunjika, unazidi kulibomoa.

Wala sisemi wananchi ni malaika. Mwaka 2017 huko Whitechapel, London, lilikutwa bonge la mafuta na vitambaa vya kufutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani zipatazo 130. Pale watumiaji ndio walioziba. Lakini wenzetu waliliona kwanza, ndipo wakanyoosha kidole.

Tunachodai si makubwa. Bomba likiziba mara ya pili mahali palepale, ofisi ilete kamera kabla ya kuleta lawama. Anayepewa kibali cha kuchimba barabara, mabomba ya chini yapigwe picha kabla hajaanza na baada ya kumaliza, ili akivunja alipe yeye. Na picha hizo apewe mwananchi, kwani ndiye anayelipa ankara ya majitaka kila mwezi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ofisi isiyotaka kuchungulia ndani ya mabomba yake inaogopa kuona nini?

Yule mama sijui alihamia wapi. Picha za bomba ninazo kwenye simu. Kama anasoma hapa, ajue kwamba tulimsingizia.