BUSTANI YA NYUMBANI: Jina la Waridi na Udongo wa Kisiwani

Katika nyumba za pwani waridi halikosi kazi. Bibi arusi hupambwa kwalo, marashi yake hunyunyizwa kwa mrashi katika maulidi na arusi, na watoto wa kike hupewa jina lake. Kwa hiyo si ajabu askari aliye likizoni, au mama apambaye uwanja wa nyumba, akavutiwa na mche uliofungiwa kibandiko chenye jina tukufu. Lakini jina hilo limetoka wapi, nalo lamwahidi nini mwenye bustani wa Fuma au Kismayu?

Mwaridi mpya huanza kwa mbegu. Mstadi huchukua chavua ya ua moja akaipaka katika ua la mwaridi mwingine, kisha hupanda mbegu zipatikanazo. Katika maelfu ya miche huteuliwa michache tu, nayo hupewa nambari na kujaribiwa kwa miaka kadhaa. Jina huja mwishoni, na mara nyingi huteuliwa ili mti upate wanunuzi. Tangu mwaka 1955 Chama cha Waridi cha Marekani ndicho kiandikishacho majina hayo kwa ulimwengu mzima, ili jina moja lisipewe miwaridi miwili.

Mwaridi mmoja waweza hata hivyo kuwa na majina mengi. Karibu na mji wa Lyon, Ufaransa, Francis Meilland alipata mche mzuri kutokana na kazi aliyoianza mwaka 1935. Katika daftari lake uliandikwa 3-35-40. Baadaye aliuita Madame A. Meilland, kwa heshima ya mama yake. Wajerumani waliuita Gloria Dei, yaani utukufu wa Mungu, na Waitaliano Gioia, yaani furaha. Tarehe 29 Aprili, 1945, siku chache kabla ya vita kwisha Ulaya, Wamarekani waliuita Peace, yaani Amani. Mwaka uo huo viongozi wa ujumbe wa nchi zilizokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake moja.

Jina hilo ni jema kwa kila aliyewahi kungoja vita viishe. Hata hivyo halifukuzi ukungu wa madoa meusi, wala halilainishi maji ya chumvi. Fuma ni mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vilivyopangika kusini ya Kismayu, na ardhi ya visiwa hivyo ni ya matumbawe. Udongo wa namna hiyo umejaa chokaa, na chokaa huuzuia mwaridi kupata chuma ardhini. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Upepo wa bahari huunguza ncha za majani. Mche uliosifiwa katika bustani za Ulaya waweza kufa hapo mwaka wa kwanza, na fedha za mshahara zikapotea pamoja nao.

Kisiwa cha Bermuda katika Bahari ya Atlantiki, ingawa joto lake ni pungufu, nacho kina ardhi ya chokaa na upepo wa chumvi, na watu wake hukinga maji ya mvua mapaani. Huko miwaridi ya kale yenye asili ya China imestawi tangu zamani, lakini majina ya mingi yalisahauliwa. Chama cha Waridi cha Bermuda, kilichoanzishwa mwaka 1954, kiliikusanya na kuipa majina ya mahali au ya watu ilikoonekana. Mmoja waitwa Smith's Parish, yaani mtaa wa kisiwani humo. Jina kama hilo halisemi nani aliuza mti. Lasema mti umeishi wapi.

Basi yafaa mtu, kabla ya kununua, atazame nyua za majirani. Mwaridi uliokwisha kuvumilia misimu ya kaskazi na kusi bila kuuguzwa ndio wa kuombwa kitawi. Kitawi kiwe kimekwisha toa maua, urefu wa shibiri moja, kikatwe chini kidogo ya jicho na kuachiwa majani mawili ya juu. Kipandwe katika kopo lililotobolewa, lenye mboji na mchanga uliooshwa kwa maji baridi. Kiwekwe kivulini, na udongo usikauke. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Baadaye mche upewe jua la asubuhi, kinga ya ukuta upande wa upepo, samadi ya mbuzi iliyooza, na maji ya mvua yaliyowekwa akiba. Maji yamwagwe shinani, wala si majanini, maana majani mabichi huita ukungu.

Vita vya mwaka 1991 viliwatoa Wabajuni wengi visiwani wakavuka kwenda Kenya, na askari naye huhamishwa kituo hadi kituo. Watu wa namna hiyo hawawezi kubeba bustani, lakini kopo moja laweza kubebwa. Na mwaridi wa kopo hilo ukiisha kushika mizizi mahali pageni, wenyewe waweza kuuita kwa jina la nyumba ulikokatwa, ili watoto wapate kulijua.