Kabla ya Kumwachilia Mbu wa Maabara, Mkumbukeni Kunguru

Ukitaja mbu wa GMO hapa Kisauni utapata majibu mawili tu. Mmoja atakwambia ni njama ya wazungu. Mwingine atasema waleteni hata leo, tumechoka kuumwa. Mimi siko upande wowote, na sababu yangu pengine imetua juu ya paa lako sahii: kunguru.

Huyu kunguru si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa ashaingia Mombasa. Leo anamaliza mayai na makinda ya ndege wetu, anabeba vifaranga mchana kweupe, na mwaka 2024 KWS ikatangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kwa sumu. Yaani aliletwa asafishe mji, sasa tunalipa kumsafisha yeye. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hivyo swali langu kwa mnyama yeyote aliyebadilishwa jeni ni moja: mambo yakienda kombo, anarudishika?

Tuangalie Djibouti. Mwaka 2012 alionekana huko mbu mgeni kutoka Asia, Anopheles stephensi. Huyu hangoji dimbwi la shambani, anazaa kwenye tangi na pipa mjini. Mwaka huo Djibouti ilihesabu wagonjwa wa malaria 27. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Kenya naye ashaonekana Marsabit. Sasa fikiria Likoni, Changamwe na hapa kwetu: maji ya mfereji yanakuja yakipenda, kila nyumba imejaza mitungi na mapipa. Akifika, atakuta tumeshamtandikia kitanda.

Mei 2024 Djibouti iliachilia madume wa mbu huyo waliobadilishwa jeni na kampuni ya Oxitec. Dume haumi. Akikutana na jike wa mtaani, watoto wa kike wanakufa kabla ya kukomaa. Ukiacha kuachilia madume wapya, ile jeni inapungua kizazi baada ya kizazi mpaka iishe. Huyo anarudishika. Tena analenga mbu wa aina moja, mgeni, wakati dawa ya kupuliza inaweza kuua hadi nyuki. Kwa mazingira, naona hiyo ni afadhali.

Lakini kuna aina ya pili, inayofanyiwa utafiti Entebbe na Bagamoyo. Kwa kawaida jeni hurithiwa na nusu ya watoto. Hii inaundwa irithiwe na karibu wote, ijisambaze yenyewe. Na inalenga mbu waliokuwa Afrika tangu jadi. Ikitoka maabara, haitajua Lunga Lunga kuna mpaka. Nchi moja ikikubali, imekubali kwa niaba ya jirani zake wote. Kwa mtihani wa kunguru, huyu bado hajapita.

Najua malaria inaua watoto kila siku, na mama aliyezika mtoto hana muda na falsafa zangu. Ndiyo maana sisemi utafiti usimame. Nasema asiachiliwe kabla ya majirani kukubaliana na kabla hatujaonyeshwa njia ya kumzuia. Agosti 2025 serikali ya Burkina Faso ilisimamisha mradi wake wa mbu waliobadilishwa jeni, na waliokuwa wameachiliwa hata hawakuwa wa kujisambaza. Sayansi inaweza kuwa sawa na bado ikafukuzwa kama watu hawaiamini.

Siku wakija Mombasa, waje kwenye baraza kwanza. Waongee Kiswahili, waulizwe maswali magumu, na "hapana" yetu ihesabike kama "ndiyo" yetu. Na kaunti isitumie mbu wa maabara kama kisingizio: maji yakitoka mferejini kila siku, hakuna atakayeweka pipa.

Kwa leo, funika lako.